Fahamu tai mwenye taji, mbabe wa misitu ya Kigoma anayelea kinda mmoja kwa miaka miwili

Kwenye Orodha Nyekundu ya viumbe walio hatarini duniani, tai mwenye taji yuko kwenye kundi la "karibu kutishiwa". Ukisoma haraka unaweza kudhani mambo si mabaya sana. Hajaingia hatarini bado, si ndiyo?

Sasa yachukue maneno hayo uende nayo Kibondo na Kasulu, nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, ambako miti mikubwa ya kujengea kiota imebaki zaidi kando ya mito, kwenye vilima vya mawe na ndani ya maeneo ya hifadhi. Huko, mti mmoja ukikatwa na ndege mmoja akiuawa, kijiji kinaweza kukaa miaka mingi bila kumwona tena tai huyu. Orodha ya dunia haitabadilika hata herufi moja.

Ni ndege gani hasa?

Jina lake la kisayansi ni Stephanoaetus coronatus, na ukilitazama vizuri linasema "taji" mara mbili, mara ya kwanza kwa Kigiriki na ya pili kwa Kilatini. Sababu ni manyoya ya kisogoni ambayo huyasimamisha akishtuka au akikasirika, kama mtu aliyevaa taji.

Kiswahili cha mtaani kinatuchanganya kidogo hapa. Neno "tai" linabeba ndege wengi, hata tumbusi wala mizoga wengine huitwa tai. Kwa hiyo mtu akikuambia kuna tai kwenye msitu wa kijiji, muulize yukoje.

Tai mwenye taji ana urefu wa kati ya sentimita 80 na karibu mita moja, na uzito wa kuanzia kilo 2.5 hivi kwa dume hadi zaidi ya kilo 4.5 kwa jike. Ndiyo, jike ndiye mkubwa, kama ilivyo kwa ndege wengi wawindaji. Mgongo ni mweusi wa kijivu, kifua na tumbo vina mabaka meusi na rangi ya udongo juu ya weupe, na mkia ni mrefu wenye mistari mipana. Mabawa yake ni mafupi na mapana, na hilo lina maana: ndege wa nyikani anahitaji mabawa marefu ya kuelea, huyu anahitaji kukata kona katikati ya matawi.

Kinda wake ni mweupe kichwani na kifuani, kiasi kwamba watu wengi hudhani ni ndege wa aina nyingine kabisa.

Usimchanganye na yule mweusi mwenye shungi refu linalopeperuka, anayekaa juu ya nguzo za umeme kando ya barabara. Huyo ni mdogo, anakula panya, na mkulima angepaswa kumnunulia soda. Wala si furukombe wa kwenye mabwawa ya Malagarasi, mwenye kichwa cheupe na anayekula samaki.

Njia rahisi ya kumgundua ni masikio. Dume hupanda juu sana ya msitu, anapanda na kushuka kama anayepita kwenye mawimbi, huku akipiga mlio mkali unaorudiwarudiwa. Unaweza kumsikia dakika kadhaa kabla hujamwona, na mara nyingine humwoni kabisa.

Kigoma anaishi wapi?

Tai huyu yuko Afrika tu, kusini mwa Sahara, kuanzia misitu ya Afrika Magharibi hadi Ethiopia na kushuka mpaka Afrika Kusini. Anaweza kuishi nyanda za chini, lakini kwa Afrika Mashariki wengi humkuta kwenye misitu ya milimani, hadi mita 3,000 hivi juu ya usawa wa bahari.

Mkoani Kigoma yumo kwenye Hifadhi ya Taifa ya Gombe na ile ya Milima ya Mahale. Gombe ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1968, Mahale mwaka 1985, na zote mbili dunia inazijua kwa sababu ya sokwe. Watalii hulipa dola kumwona sokwe na wachache sana huinua kichwa kumtafuta tai, ingawa wote wawili wanawinda kitu kimoja: kima na mbega wekundu wa msituni.

Kibondo na Kasulu ni habari nyingine. Hapa hakuna msitu mnene unaofunika mlima kutoka chini hadi kileleni kama Mahale. Sehemu kubwa ni miombo, yaani pori la miti ya miyombo na jamii zake, ndilo linalotoa asali ambayo Kibondo inajivunia. Ndani ya miombo kuna mishipa ya msitu wa kijani kando ya mito na mabonde, na vilima vyenye mawe ambako pimbi hujianika asubuhi. Tai mwenye taji hutumia sehemu hizo: mti mkubwa wa kando ya mto kwa kiota, kilima cha mawe na pori la pembeni kwa chakula. Kwa maneno mengine, anategemea kipande kidogo sana cha ardhi ambacho ndicho hicho hicho mtu anakitaka, kwa sababu kando ya mto kuna maji, udongo mzuri na mbao nene.

Kumbuka pia kwamba ukisoma taarifa za zamani, Kibondo na Kasulu zilikuwa kubwa kuliko leo. Kakonko ilikatwa kutoka Kibondo, na Buhigwe kutoka Kasulu, mwaka 2012.

Anakula nini, na je, ni kweli anabeba watoto?

Chakula chake kikubwa ni wanyama, siyo ndege. Tumbili, kima, pimbi, nsya na paa wadogo. Kwenye msitu wa Kibale, Uganda, watafiti waliokusanya mifupa chini ya viota waligundua kwamba sehemu kubwa kabisa ya mawindo yalikuwa jamii ya nyani na kima.

Silaha yake ni miguu. Ukucha wa nyuma unaweza kufika sentimita 6, na akimshika mnyama hummaliza kwa kuminya na kutoboa. Anaweza kuua mnyama mzito kuliko yeye mara kadhaa, ila hawezi kuruka naye. Anachofanya ni kumkatakata pale chini, kisha kubeba vipande na kuvihifadhi juu ya miti kwa siku zinazofuata. Friji ya asili.

Kima na tumbili wanamjua vizuri. Utafiti maarufu uliochapishwa mwaka 1980 kuhusu tumbili wa Amboseli, Kenya, ulionyesha kwamba tumbili wana mlio wa tahadhari kwa chui, mwingine kwa nyoka na mwingine kwa tai. Wakisikia wa chui wanapanda mti. Wakisikia wa tai wanatazama juu au wanakimbilia vichakani. Mkulima wa mahindi anayelala shambani kulinda mazao dhidi ya tumbili ana mwenzake wa zamu asiyelipwa.

Kuhusu watoto, tuseme ukweli bila kutia chumvi wala kuficha. Mashambulizi dhidi ya watoto yameripotiwa Afrika, lakini ni nadra mno. Kisa kinachojulikana zaidi ni cha kale kupita kiasi. Mwaka 1924 kule Taung, Afrika Kusini, lilipatikana fuvu la mtoto wa jamii ya viumbe waliotangulia binadamu, aliyeishi zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita. Mwaka 1995 wanasayansi Lee Berger na Ron Clarke walipendekeza kwamba aliuawa na ndege mkubwa mwindaji. Mwaka 2006 Berger akarudi na ushahidi zaidi: alama ndani ya matundu ya macho ya fuvu lile zinafanana na zile ambazo tai mwenye taji wa leo huacha kwenye mafuvu ya kima kule msitu wa Taï, Ivory Coast.

Hesabu ya kinda mmoja

Hapa ndipo penye uzito wa habari yote, kwa hiyo tukae kidogo.

Jike hutaga yai moja au mawili. Mayai yakianguliwa mawili, kinda mkubwa humuua mdogo ndani ya siku chache. Inaonekana ukatili, lakini ndivyo aina hii ilivyo: anayeondoka kiotani ni mmoja.

Kulalia yai huchukua siku 50 hivi. Kinda hukaa kiotani karibu siku 110 kabla ya kuruka mara ya kwanza. Ndege wengi wakisharuka, kazi ya wazazi inakaribia kuisha. Huyu hapana. Hubaki jirani na kiota akilishwa na wazazi kwa miezi mingine 9 hadi 11, akijifunza kuwinda. Jumlisha uone: kuanzia yai mpaka kujitegemea ni kama siku 500, mojawapo ya malezi marefu zaidi kwa ndege yeyote. Ndiyo maana wazazi waliofanikiwa huzaa mara moja tu kwa miaka miwili.

Mtaalamu wa tai Leslie Brown, aliyekuwa ofisa kilimo Kenya, alifuatilia viota vya tai hawa kwa miaka mingi, na mengi tunayoyajua kuhusu mzunguko huo yalianzia kwenye daftari zake.

Sasa weka hesabu hiyo kijijini. Jozi moja ikiishi salama miaka 10, itatoa vifaranga watano kama kila kitu kitakwenda sawa. Kuku wa kienyeji anatoa hao kwa mkupuo mmoja na kubaki na chenji. Ukimuua tai mzazi mwenye kinda anayelishwa, umepoteza mzazi, umepoteza kinda, na umepoteza miaka miwili. Mbadala wake itabidi atoke msitu mwingine, na kama msitu wa karibu hauna jozi yenye kinda aliyekua, kiota kinabaki kitupu.

Kiota chenyewe nacho si cha kubuni upya kila msimu. Jozi hurudia kile kile miaka na miaka, wanaongeza fito na majani mabichi, mpaka kinaweza kuwa na upana unaozidi mita 2. Mzigo kama huo unahitaji panda ya mti mnene hasa. Mti wa namna hiyo hakuna anayeupanda leo akaukuta tayari mwaka kesho.

"Karibu kutishiwa" maana yake nini?

Orodha Nyekundu huandaliwa na IUCN, Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira, na kwa upande wa ndege tathmini hufanywa na BirdLife International. Ni kama ngazi. Chini kabisa ni viumbe wasio na wasiwasi mkubwa, inafuata "karibu kutishiwa", halafu zinakuja ngazi tatu za hatari zenyewe, na juu kabisa ni kutoweka.

Tai mwenye taji alikuwa ngazi ya chini. Mwaka 2012 akapandishwa kuwa karibu kutishiwa, sababu zikiwa kupotea kwa misitu, kuuawa na watu na kupungua kwa mawindo yake. Kupanda ngazi hapa si sifa.

Lakini kipimo hicho kinatazama aina nzima, bara zima. Na kwa kiumbe anayezaa polepole, wataalamu hupima kupungua kwa vizazi vitatu, ambavyo kwa tai mkubwa ni miongo kadhaa. Kwa hiyo wilaya inaweza kumaliza tai wake wote leo, na namba ya dunia ikaja kusogea wakati watoto wa leo wameshakuwa wazazi. Afrika Kusini walifanya tathmini yao ya nchi mwaka 2015 na kumweka ngazi ya juu zaidi, ile ya kwanza ya hatari, ingawa duniani alibaki pale pale.

Picha ya jumla nayo haipendezi. Januari 2024 watafiti wakiwemo Phil Shaw na Darcy Ogada walichapisha uchambuzi wa aina 42 za ndege wawindaji wa nyika za Afrika, kwa kutumia takwimu za barabarani za miaka 20 hadi 40, Kenya ikiwamo. Karibu aina 9 kati ya 10 zilikuwa zimepungua, na hali ilikuwa mbaya zaidi nje ya hifadhi. Kibondo na Kasulu zina hifadhi, lakini pia zina vijiji vingi vilivyo nje yake.

Msitu unaondokaje?

Jibu la haraka unaloweza kusikia ni "wakimbizi". Ni kweli kwa sehemu. Kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita. Baada ya mgogoro wa Burundi wa mwaka 2015 ikafurika, na kambi ya Nduta iliyoko Kibondo ikafunguliwa tena mwaka huo huo. Watu zaidi ya laki moja mahali pamoja, wote wanapika kwa kuni: huhitaji mtaalamu kukuambia kitatokea nini kwa miti ya jirani.

Ila ukiwaachia wakimbizi lawama zote unakuwa hujasema kweli. Mahindi, maharage na mihogo yanahitaji shamba jipya kila familia inapoongezeka. Tumbaku inayolimwa ukanda huu hukaushwa kwa kuni. Mkaa unasafiri kwenda mjini. Mgogoro wa wakulima wa Kagera Nkanda na Msitu wa Hifadhi wa Makere Kusini ulisikika nchi nzima, na ndani yake hakukuwa na mtu mbaya wa kwenye filamu: kulikuwa na watu wanaotaka kulima, na serikali inayotaka msitu ubaki.

Kwa tai, kuni za kupikia siyo tishio kubwa kuliko yote. Fito nyembamba hamjengei kiota. Kinachomuua ni mbao na upanuzi wa mashamba hadi ukingoni mwa mto, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyoangusha ile miti minene michache. Uwindaji wa nyama ya porini unamaliza nsya na pimbi, kwa hiyo hata mti ukibaki, chini yake hakuna chakula.

Kuku, mbuzi na lawama

Mawindo yakiisha porini, tai hujaribu kijijini. Mbuzi mchanga akichukuliwa, mwenye mbuzi anajua hasara yake kwa shilingi. Kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi za mwaka 2011 zinalenga wanyama kama tembo, simba, kiboko na mamba. Mwathirika wa tai hana dirisha la kwenda. Kwa mtazamo wa mwandishi, hapo ndipo manati na mtego vinapoanzia, na mahubiri ya uhifadhi bila jibu la mbuzi hayatafika mbali.

Kwa upande wa kuku, mara nyingi anahukumiwa asiyehusika. Anayenyakua vifaranga uani ni mwewe au kipanga, ndege wadogo wanaozoea watu. Banda la vifaranga lenye wavu juu kwa wiki zao za kwanza huzuia wezi wote hao kwa mpigo.

Sheria iko wazi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inahusu ndege pia, na kumuua au kumkamata bila kibali ni kosa. Kuuzwa nje ya nchi kunadhibitiwa na mkataba wa CITES, ambako tai huyu yumo Kiambatisho cha Pili. Nayo Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi na kuweka sheria ndogo, na vijiji kadhaa vya mkoa wa Kigoma vimefanya hivyo, vingine kwa msaada wa Taasisi ya Jane Goodall.

Je, mikaratusi inaweza kusaidia?

Inaweza, na hili wengi hawalijui. Kwenye vitongoji vya Durban, Afrika Kusini, tai wenye taji hujenga viota juu ya mikaratusi, karibu kabisa na nyumba za watu, mradi kuwe na mabonde ya msitu jirani. Kwa hiyo tai huyu hagombani na mti wa kigeni. Anachotaka ni unene na utulivu. Shida ni kwamba mkaratusi wa Kasulu hukatwa ukiwa nguzo au mrunda, miaka mingi kabla haujafikia kubeba kiota. Michache iliyoachwa izeeke kwenye ukingo wa bonde ingetosha kwa jozi moja.

Yuko na mwenzake wa juu zaidi

Ukipanda milima mirefu utakutana na shakivale wa milimani, Buteo oreophilus, mwindaji mdogo wa misitu ya baridi anayekula panya, vinyonga na wadudu wakubwa. Naye yuko kundi lile lile la karibu kutishiwa. Yeye hushikilia milima kama Kilimanjaro, Meru na Usambara, na ng'ambo ya mpaka misitu kama Nyungwe ya Rwanda. Tofauti yao ni kwamba shakivale hana pa kushukia, wakati tai mwenye taji anaweza kuishi bondeni akiachiwa miti.

Ukiona kiota

Usipande, usirushe jiwe "kumwona akiruka", na usiweke mahali penyewe kwenye mitandao. Andika tarehe, kijiji, aina ya mti na kama kuna kinda mweupe. Taarifa hiyo ipeleke kwa kamati ya mazingira ya kijiji au ofisi ya TFS ya wilaya, na ukiweza itume pia kwa Nature Tanzania au Mradi wa Atlasi ya Ndege Tanzania. Kama kinda amesharuka, rudi baada ya miezi mitatu au minne usikilize. Mlio wa kuomba chakula ukiwa bado unatoka mti ule ule, wazazi wako hai na bado wanawinda.